Malindi kwa baiskeli mwezi wa Agosti: nenda na kusi, rudi na matatu

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni muuguzi, nakaa Tudor. Mwaka jana nilinunua maunteni ya mtumba, na sasa kila Jumapili naenda nayo Mtwapa na kurudi. Agosti nina likizo, na nimetia nia kwenda Malindi kwa siku moja, nilale kwa shangazi yangu, kesho yake nirudi vilevile kwa baiskeli. Ndugu zangu wasema nimerukwa na akili. Je, yawezekana? Nianze saa ngapi, nibebe nini, na hijabu nifanyeje na jua lile?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kwenda, yawezekana. Kurudi kesho yake kwa baiskeli, hapana, na hapo ndipo nitakapokaa sana, kwa sababu ndugu zako wanaogopa kilomita na wewe pia naona wahesabu kilomita. Kutoka Tudor hadi Malindi ni kama kilomita 120. Mtwapa na kurudi ni kama 35. Ukiangalia tarakimu hizo utadhani kazi yote ni kuongeza miguu. Miguu yaongezeka. Una wiki kadhaa bado: Jumapili moja nenda Kilifi, kilomita 60 hivi, urudi na matatu, baada ya wiki mbili nenda tena Kilifi, uvuke daraja, usogee mpaka Tezo ugeuze, upande matatu Kilifi. Ukimaliza hizo mbili bila magoti kulalamika, kwa upande wa nguvu uko tayari.

Linalobaki ni upepo.

Babu zetu waliokwenda na majahazi walijua mwaka una pande mbili. Kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba ni kusi, yavuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Novemba hadi Machi ni kaskazi. Barabara ya Malindi nayo yafuata pwani, yaelekea kaskazini ikiegemea mashariki kidogo. Kwa hiyo Agosti ukitoka Mombasa, kusi yakupiga mgongoni na bega la kulia karibu njia nzima. Umechagua mwezi mzuri, hata kama hukukusudia. Juni na Julai upepo ni mkali lakini mvua yaweza kukukuta njiani. Januari na Februari ungekuwa unapanda kaskazi toka daraja la Nyali, na jua kali kuliko la sasa.

Sasa geuza baiskeli kesho yake. Tuseme unakwenda kilomita 18 kwa saa, na upepo wa kilomita 18 kwa saa wakujia usoni. Mwili wako wakutana na hewa ya kilomita 36. Ukinzani wa hewa hauongezeki mara mbili hapo, waongezeka mara nne. Huwezi kuushinda ukinzani huo kwa miguu iliyochoka toka jana, kwa hiyo utashusha mwendo mpaka kilomita 10 au 11, na kilomita 120 zitakuwa saa kumi na moja za kukanyaga bila kuhesabu mapumziko. Mchana wa hapa kwetu una saa kumi na mbili tu. Utaingia Mtwapa usiku, umechoka, katikati ya malori na tuktuk. Ndipo watu huumia.

Kuna mtu mkubwa alikosea hesabu hii kabla yako. Vasco da Gama, nahodha Mreno, aliondoka Malindi Aprili 1498 na rubani aliyepewa palepale, kusi ikamfikisha Calicut, India, kwa siku 23 hivi. Kurudi hakuwa na subira ya kungoja kaskazi ishike. Aliiacha pwani ya India mwanzo wa Oktoba, akaiona Malindi tena Januari 1499. Miezi mitatu, bahari ileile, mabaharia wakifa kwa kiseyeye. Manahodha wa pwani hii wangemwambia angoje, na hata mtoto wa Bandari ya Kale angemwambia.

Lakini kusi ya mgongoni ina hila yake, na hii sijaona mtu akiwaeleza wageni wa barabara hii. Unapokwenda kilomita 18 na upepo wakusukuma kwa kilomita 18, wewe na hewa mwaenda pamoja. Hakuna upepo usoni. Ukitazama minazi waona makuti yanapepea, nawe jasho lakutiririka mpaka kwenye viwiko, halikauki. Na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Nimewaona vijana wenye nguvu wakianguka kwa joto karibu na Matsangoni siku ambayo kila mtu alisema hali ya hewa ni nzuri. Walikuwa wanakwenda kasi, wanafurahi, chupa zao zimejaa maji kwa sababu hawakuhisi kiu. Wewe ni muuguzi, dalili wazijua kuliko mimi: ukihisi vipele vya baridi mikononi saa sita ya mchana, teremka pale pale uingie kivulini, usijiambie utapumzika mbele.

Kunywa nusu lita kwa saa tangu mwanzo, kiu iwepo isiwepo, na baada ya Kilifi ongeza mpaka robo tatu ya lita. Maji matupu pekee si mazuri kwa saa nyingi hivyo. Madafu utayakuta njiani, na mimi siwezi kupita la Vipingo nisinywe, lakini dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho la kwetu latoka na chumvi mpaka fulana inachora ramani. Chupa yako moja iwe na ule mchanganyiko mnaowafundisha kina mama wenye watoto wanaoharisha: lita ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kamulia ndimu kama ladha yakushinda. Dafu kunywa, ila litafune na kachiri za chumvi au viazi karai.

Upepo huo pia ndio unaokuambia saa ya kuanza. Alfajiri kusi huwa imelala, hewa yatoka bara kidogo, baridi. Kuanzia saa nne hivi ndipo yaamka, na mchana yavuma kwelikweli. Maana yake Mombasa hadi Kilifi utakwenda kwa miguu yako mwenyewe kukiwa na ubaridi, na Kilifi hadi Gede utasukumwa wakati miguu imechoka. Huo ndio mgawanyo unaoutaka. Kwa hiyo swali alfajiri, kunywa chai na mkate, na saa kumi na moja na nusu uwe tayari unashuka Buxton kuelekea daraja la Nyali. Kutakuwa bado na giza, kwa hiyo taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele, na jaketi la kung'aa juu ya nguo. Jua lachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwezi ule. Chagua Jumapili. Malori ni machache na kuanzia Kengeleni mpaka Bamburi njia ni nyeupe saa zile, isipokuwa bodaboda wanaorudisha watu kutoka starehe zao. Hao wape nafasi.

Mtwapa wapajua, sitakueleza. Usisimame. Najua mbaazi za pale saa moja asubuhi na mahamri yanatoka kwenye mafuta, lakini kilomita 17 hazijastahili kituo, na ukishaketi kwenye benchi la mama ntilie jua lapanda. Jumba la Mtwana nayo iache kwa Jumapili nyingine. Magofu yamengoja miaka mia kadhaa, hayatakimbia.

Baada ya mji wa Mtwapa ndipo barabara yabadilika, na hapa lazima nikufundishe kukaa kwenye lami. Kipande hiki cha kwenda Kilifi kimekuwa kikipanuliwa, kwa hiyo utakuta lami mpya pana, halafu ghafla mchepuko wa vumbi na kokoto. Pale palipo na bega pana la lami, kaa humo. Palipo na barabara ya zamani, makosa ya karibu kila anayeanza ni kukumbatia ukingo kabisa, tairi likitembea sentimita kumi kutoka mwisho wa lami. Yeye adhani ndiyo heshima kwa magari. Kumbe amejinyima pa kukimbilia, na dereva wa nyuma aona kana kwamba kuna nafasi ya kupita bila kuhama njia. Kaa ndani kiasi cha hatua moja kubwa. Gari litalazimika kuhama kidogo, na wewe utakuwa na hatua ile moja ya akiba likikukaribia sana.

Na ukingo wenyewe: mahali pengi lami imemegeka na chini yake kuna kishimo cha kina cha kiganja mpaka kwenye udongo. Ukishuka humo, kwa kupenda au kwa kusukumwa, usijaribu kupanda tena lami kwa kuinamisha usukani kidogo kidogo. Tairi la mbele litakwaruza ukuta ule wa lami, litagoma kupanda, na wewe utaangukia upande wa barabara, chini ya magurudumu ya anayekuja nyuma. Nimeshona nyusi zangu mara moja kwa hilo. Ukishashuka, nenda na udongo, punguza mwendo, simama, nyanyua baiskeli, panda upya. Sekunde thelathini tu.

Matatu inayokuja upande wa pili ikimpita mwenzake huingia upande wako na kukuwashia taa. Taa zile si salamu. Toka mapema, usingoje kuona nani atabisha. Na lori likikupita, shika usukani kwa mikono miwili bila kukakamaa: kwanza hewa yakusukuma kando, halafu lori likishapita yakuvuta ndani. Aliyejua hayo hayumbi. Kioo kidogo cha kufunga kwenye usukani ndicho kitu ninachokiombea kila mtu. Helmeti sihitaji kuitaja kwa muuguzi.

Vipingo utaijua kwa mkonge. Mistari ya majani ya buluu-kijani inakwenda mpaka macho yachoke, na mibuyu imesimama katikati kama wazee waliokataa kuhamishwa. Hapo ndipo nilipopata somo langu la panchari. Tairi la nyuma liliisha upepo, nikabadilisha tyubu, nikajaza, nikaenda. Dakika kumi chini tena. Nikatia kiraka, nikaenda, chini tena. Nikasukuma baiskeli juani mpaka kwa fundi mmoja aliyekaa chini ya mwembe, na sanduku lake la mbao na beseni la maji meusi. Hakunisemesha. Alilivua tairi lote, akachukua kipande cha pamba, akakipitisha ndani ya tairi polepole, duara zima. Mahali fulani pamba ikanasa nyuzi mbili tatu. Akaleta koleo ndogo, akavuta waya mwembamba kama unywele, mfupi kuliko punje ya mchele. Akanionyesha kwenye kucha ya dole gumba. "Ungemaliza duka zima la tyubu," akasema.

Waya zile zatoka kwenye matairi ya malori yanayopasuka. Mpira ukishasagika, nyaya za chuma hubaki zimetawanyika, na magari huzifagia mpaka ukingoni, kwa hiyo anayekumbatia ukingo ndiye anayezikusanya. Beba tyubu mbili zima, viraka, gundi, pampu, vyuma viwili vya kutolea tairi, spana za pembe sita zinazoingia kwenye baiskeli yako, na kipande cha pamba. Kabla ya kutia tyubu mpya, lipapase tairi ndani kwa pamba, si kwa kidole.

Tukiwa kwenye matairi: maunteni ya mtumba karibu zote huja na matairi ya meno makubwa, yanayonguruma kwenye lami na kukula nguvu. Nunua mengine mapana kiasi lakini yasiyo na meno. Kwa tairi la inchi 26 kwa 1.5 na mtu wa kilo sitini na kitu, presha ya PSI 50 hadi 60 yatosha. Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi na usizidishe. Fundi wako akuangalilie cheni na viatu vya breki wiki moja kabla, usimpelekee Jumamosi jioni. Na kiti: ukikaa na kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Wengi wanaokuja kwangu na maumivu ya goti wamekaa chini mno kama wako kwenye kigoda cha mbuzi ya nazi.

Kuhusu mavazi, buibui na dera viache ndani ya mkoba kwa ajili ya kwa shangazi. Pindo la kitambaa kipana likiingia kati ya cheni na jino la gia, halitoki. Litakuangusha au litachanika mpaka kiunoni katikati ya Kilifi. Vaa suruali inayobana kifundo, chini yake kaptura ya baiskeli yenye sifongo, juu shati refu la mikono mirefu, jepesi, linalofika juu ya goti na lenye mpasuo kando. Rangi nyeupe au ya maziwa. Jinzi ina mshono mahali pabaya, baada ya kilomita 50 utanikumbuka. Mafuta ya mgando yapake panapokutana paja na kiti kabla ya kutoka nyumbani, na Kilifi upake tena. Hijabu chukua ile ya kitambaa cha michezo, inayovaliwa kichwani bila pini, ikae chini ya helmeti bila mkunjo. Mkunjo mmoja tu chini ya helmeti utakuwa kidonda paji la uso kufikia mchana. Ukiilowesha maji kila ukisimama, yapooza shingo kuliko kofia yoyote. Wanawake ninaowapeleka hunambia hilo wao wenyewe, mimi naripoti tu.

Kilifi utafika kama saa tatu na nusu. Kabla ya mji kuna mteremko wa kuingia darajani upande wa Mnarani. Tumia breki zote mbili, na maungio ya daraja yavuke tairi likiwa limenyooka. Upepo wa hori wapiga kutoka ubavuni pale juu, wakushtua kidogo. Simama katikati pembeni, tazama maji. Mpaka mwaka 1991 daraja hili lilipofunguliwa watu walivuka kwa feri, na waliopanga safari ya Malindi walipangia foleni kwanza. Ng'ambo kuna mlima wa kuingia mjini. Shusha gia mapema kabla hujaanza kupanda.

Hapo ndipo kituo chako kikubwa, dakika arubaini na tano. Kula sasa mahamri na mbaazi, au chapati na maharage, kunywa chai ya sukari. Biriani usiguse, hata ikinukia. Tumbo lililoshughulika na samli halina damu ya kugawia miguu. Toka hapo uwe unakula kidogo kidogo kila dakika arubaini hivi bila kushuka: tende, ndizi, kipande cha kashata. Tende mifukoni zinatosha kabisa, mimi sijawahi kununua zile biskuti za michezo.

Kati ya Kilifi na Gede, kilomita zaidi ya 40, utapita Tezo, Roka, Matsangoni. Mikorosho, miembe, minazi, nyumba za makuti, watoto wanaokimbia kando yako wakipiga kelele. Barabara imenyooka na kusi imeamka, na hapa ndipo utakapojiona bingwa. Kumbuka niliyokuambia ya joto. Kila nusu saa simama chini ya mti, dakika tano, upepo ukupige ukiwa umesimama. Ndiyo wakati pekee utakaokupooza. Baadaye kushoto kwako waanza msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zaidi ya 400, mabaki makubwa kuliko yote ya msitu wa pwani katika Afrika Mashariki. Nyani hukaa barabarani. Usiwape ndizi wala usiwaonyeshe mfuko. Ndovu wako ndani, kwa hiyo usijisitiri huko kwa haja. Ngoja kituo cha Gede.

Gede ingia saa saba kasoro, na usitoke mpaka saa tisa. Jua la kati ya hapo si la kukanyaga, na unabakiwa na kilomita 16 tu. Magofu ya Gede yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na miti iliyoota ndani ya kuta zake yatoa kivuli kizito kuliko mahali pengine popote njia nzima. Mimi hulala pale kwenye kivuli karibu na lango, viatu vimevuliwa, miguu nimeegemeza ukutani. Watamu ni kilomita chache kando, najua utashawishika. Usiende, kurudi kutoka huko kuja barabara kuu ni kupingana na hamu yako ya kulala.

Saa kumi na robo utakuwa Malindi. Mpigie shangazi ukiwa Gede ajue saa ya kukuangalia, na mwambie chakula cha jioni kiwe na chumvi yake.

Kurudi, Jumatatu au Jumanne, nenda steji asubuhi mapema kabla abiria hawajajaa, utafute matatu yenye keria juu. Elewana nauli ya baiskeli kabla hujaipandisha. Fungua gurudumu la mbele mwenyewe na ulifunge ubavuni mwa fremu, na uilaze upande wenye gia ukiwa juu. Utingo mmoja aliwahi kunilazia yangu upande wa pili, gunia la mkaa likaja juu yake, na mkono wa gia wa nyuma ukapinda mpaka ukaingia kwenye spoki. Panda keria ukaifunge kwa mpira wako mwenyewe.